Mpinzani mwenye mtindo usioujua: jibu kwa kijana wa Katuba

Swali: "Jambo yenu, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, nina miaka 23, nacheza karate tangu utoto, mkanda wa kahawia. Mwezi uliopita nilipanda ulingoni katika mapambano ya mchanganyiko, yale ambayo kupiga na kushika vyote vinaruhusiwa. Mpinzani alitoka ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, upande wa Zambia. Alinipiga teke la chini mara tatu, mguu ukafa ganzi. Nilipotaka kumrudishia alikuwa ameshaingia chini ya mikono yangu, nikajikuta chali, halafu kabali. Haikufika dakika mbili. Kinachoniuma si kushindwa, ni kwamba sikuelewa hata kitu kimoja alichonifanyia. Baada ya wiki sita nimeitwa tena, na huyo mwingine simjui kabisa. Je, nijifunze mitindo yote? Na ukishakuwa ndani, mtu anafanya mambo ambayo hujawahi kuyaona, unafanya nini? Munisaidie."

Jibu: Mdogo wangu, jambo. Kabla ya mtindo, tuanze na huo mguu. Simama kwa visigino ujaribu kuinua vidole. Kama vya mguu uliopigwa bado vinakataa, acha mazoezi leo uende hospitali. Upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, kuna kichwa cha mfupa mwembamba unachoweza kukigusa kwa kidole. Mshipa wa fahamu unaoinua unyayo unapita hapo, karibu sana na ngozi. Teke likitua pale, au chini yake kidogo, unyayo hausikii amri tena: unakanyaga, kifundo kinajikunja. Ndicho ulichofanyiwa. Januari 2021, mjini Abu Dhabi, katika mapambano ya mchanganyiko kama yako, Dustin Poirier alimpiga Conor McGregor mateke ya namna hiyohiyo kwenye shavu la mguu mpaka akawa hawezi kusogea vizuri, kisha akamwangusha kwa ngumi katika raundi ya pili. Kwa hiyo usione aibu.

Nimeusoma ujumbe wako mara kadhaa, na sioni kwamba kosa lako lilikuwa kutolijua lile teke. Teke la kwanza lilipokupata ulibaki palepale ukijiuliza ni teke gani. La pili likakukuta bado unajiuliza, na la tatu vilevile. Ulikuwa unatafuta jina la kitu wakati kitu chenyewe kinakuumiza.

Kuna sababu ya kimwili. Jicho likiona kitu, mkono unaanza kusogea baada ya takriban sehemu ya tano ya sekunde. Ngumi nzuri ya karibu inafika katika muda huohuo au mfupi zaidi. Maana yake ni kwamba hata bingwa hazuii ngumi kwa kuiona ngumi. Anaiona kabla haijaondoka: bega limezama, kisigino kimenyanyuka, nyonga imeanza kugeuka. Miaka yako yote ya dojo, ukumbi wa mazoezi, imelifundisha jicho lako kusoma miili ya watu wa karate. Ukiletewa mwili uliolelewa kwingine, jicho halisomi, na akili badala ya kukubali kwamba haijui inazidi kung'ang'ania kusoma. Hapo ndipo mtu anaganda.

Wewe ni mtu wa Lubumbashi, bila shaka unawajua madereva wanaovuka kwenda Zambia. Huku tunashika kulia, kule wanashika kushoto. Gari ni lilelile na breki ni zilezile, lakini dereva wa miaka ishirini akifika kwenye mzunguko wa kwanza wa ng'ambo, shingo inageuka yenyewe upande iliouzoea, na lori linatokea upande wa pili. Hawezi kujifunza udereva upya pale barabarani. Anapunguza mwendo, anatazama pande zote mbili, na anakumbuka kwamba kwa siku ile shingo yake si ya kuiamini. Hivyo ndivyo ninavyotaka uingie kwa huyo mpinzani usiyemjua.

Mtu wa mashoto ndiye mgeni wa kwanza ambaye kila mpiganaji hukutana naye. Katika watu kumi pengine ni mmoja. Yeye kila siku anapigana na sisi wa mkono wa kulia, sisi tunakutana naye mara moja moja, basi yuko kwake na sisi ni wageni. Mguu wako wa mbele unagongana na wake. Mkono wako wa mbele unazuiwa na wake, na ngumi yake nzito inapita njia ambayo glavu yako haikuzoea kuilinda. Bondia Junior Ilunga Makabu, mwana wa Kananga aliyetwaa mkanda wa dunia wa WBC uzito wa kruza pale Kinshasa Januari 2020, ni mashoto. Walimu wote watakuambia: weka mguu wako wa mbele nje ya wake. Ni kweli, ila wanasahau kueleza sababu. Ukiwa nje ya mguu wake, mkono wako wa kulia una njia fupi na wake wa kushoto unalazimika kuzunguka. Ukijua sababu hiyo, utaitumia hata kwa mtu ambaye si wa mashoto.

Wazee wetu wakisimulia pambano la ngumi la Ali na Foreman pale Kinshasa, 30 Oktoba 1974, wanasimulia kamba. Mimi wanafunzi wangu nawaonyesha raundi ya kwanza. Ali, ambaye dunia ilimjua kwa miguu myepesi na ngumi za kushoto, alianza kumrushia Foreman mkono wa kulia moja kwa moja, bila kutanguliza kushoto. Mkono wa kulia uko nyuma, njia yake ni ndefu, na ukiutanguliza mbele ya mtu mwenye nguvu zile umejianika. Wachache wanathubutu, na kwa sababu hiyo mazoezini hakuna anayekuzoesha. Foreman alikuwa hajashindwa na mtu. Joe Frazier na Ken Norton aliwamaliza kila mmoja katika raundi ya pili tu. Alipokutana na jambo asilolitarajia, halafu na mtu anayeegemea kamba kwa hiari yake, aliongeza nguvu. Akapiga mikono na mbavu mpaka akachoka, na raundi ya nane akaanguka. Karibu sote tunafanya kama Foreman. Ugeni unatutia haraka na haraka inatumaliza pumzi, kumbe raundi za mwanzo ndizo za kupiga kidogo na kutazama sana.

Nikuambie nilivyojifunza mwenyewe. Nilikuwa na umri kama wako, mkanda mweusi mpya kiunoni, na dojo yetu ilikuwa ku Kenya (wasomaji wa mbali, Kenya hii ni komini ya Lubumbashi), turubai juu ya unga wa mbao. Jioni moja mbeba magunia ya makala (makaa ya kupikia) wa sokoni alisimama mlangoni akitutazama, akauliza kama anaweza kujaribu. Tukampa kimono. Alinipa mkono kwanza, akainama kwa heshima, tukaanza. Hakujua karate wala judo. Alikua akipigana mieleka ya kijijini kwao, basi. Nilimpiga ngumi safi ya kifua, moja, mbili, naye akawa ameshashika kitambaa cha mkono wangu wa kimono, pale karibu na kiwiko.

Vidole vile sijavisahau. Vilikuwa vimepasuka, na ndani ya mipasuko mmejaa weusi wa makala. Siku nzima vinakamata masikio ya magunia, na vilivyonishika mimi havikuona tofauti na gunia. Nikavuta mkono juu, akanifuata juu. Nikajaza nguvu chini, akaniacha nishuke, akanitia ngwara mguu uliobeba uzito. Nikaanguka. Tukarudia, nikaanguka vilevile, na mara ya tatu pia. Nilirudi nyumbani na doa jeusi la vidole vinne kwenye kimono, na lilibaki hata baada ya kufuliwa.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimejaribu kuielewa ile ngwara na sikuielewa hata kidogo. Lakini lile doa lilinionyesha kitu: mara zote tatu, kabla ya kuanguka, nilikuwa nimeshikwa mahali palepale. Ngwara yake sikuijua, ila mkono wangu ulioshikwa niliujua vizuri. Wiki iliyofuata nilimwomba arudi. Nikafanya jambo moja tu. Kila alipougusa ule mkono, kabla vidole havijafunga, nilizungusha kiwiko na kupiga hatua ya pembeni. Aliniangusha mara chache sana. Mpaka leo sijui ile ngwara inaitwaje, na yeye mwenyewe hajui.

Mdogo wangu, hilo ndilo jibu langu kwa swali lako kubwa. Mbinu za dunia hazihesabiki, lakini ili zikufikie zinapita milango michache: lazima mtu afike umbali fulani, lazima aweke uzito wake juu ya mguu fulani, na kama anataka kukuangusha, lazima akushike mahali. Linda mlango hata kama hujui ni nani anakuja. Na si mimi niliyeligundua hili. Judo ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo 1964, Wasovieti walikuja na watu waliolelewa kwenye sambo, mieleka ya kwao. Walishika mgongoni, walishika mkanda, walishika namna ambazo vitabu vya judo havikuzifundisha, na walirudi kwao na medali nne za shaba. Wanajudo wengine hawakugeuka kuwa watu wa sambo kwa ajili hiyo. Kazi kubwa ikawa kuupigania mkono kabla haujatulia. Mtazame mwanajudo wa leo, sekunde zake za mwanzo zote ni vita vya mikono.

Sasa ndani ya ulingo. Nusu dakika ya mwanzo usitake kushinda. Simama mbali kiasi kwamba mguu wake mrefu kuliko yote haukufikii bila yeye kupiga hatua kwanza. Usitazame macho yake wala mikono yake. Tazama kifua, ili ukingo wa macho uone mabega na nyonga pamoja. Kisha muulize maswali kwa mwili: mpige chenga ya bega, kanyaga chini kama unaingia, halafu usiingie. Mtu wa ngumi atainua mikono au atarusha kushoto. Mtu wa mieleka atashusha nyonga na viganja vyake vitafunguka. Mtu wa mateke atapunguza uzito kwenye mguu wa mbele. Kwa chenga tatu nne utajua mikono yake inataka kupiga au kushika, na uzito wake unakaa wapi. Hayo yanatosha kuanza kazi.

Mahali pa hatari kuliko pote ni katikati: karibu kiasi cha kupigwa, mbali kiasi cha kushindwa kumshika au kumrudishia. Pale ndipo ulipomalizwa. Mwaka 1988 huko Las Vegas, Rick Roufus, Mmarekani wa ngumi na mateke, alimvunja taya Changpuek Kiatsongrit wa Thailand katika raundi ya kwanza, kila mtu akadhani yamekwisha. Lakini Roufus aliendelea kusimama katika umbali wa teke la paja bila kuinua mguu kulizuia, na raundi ya nne mapaja yalikuwa hayambebi tena. Hata Ali yalimkuta. Tokyo, Juni 1976, mwanamieleka wa Japani Antonio Inoki alilala chali raundi kwa raundi akimpiga mateke ya miguu. Ali hakuweza kumfuata chini wala hakukaa mbali ya kutosha. Raundi 15 ziliisha kwa sare, naye akaondoka na miguu iliyojeruhiwa vibaya. Kwa hiyo ama uwe nje kabisa, ama uwe ndani kabisa, kifua kwa kifua. Wewe mtu wa karate umefundishwa kuingia na kutoka kwa hatua moja vizuri kuliko wapiganaji wa mitindo mingi. Lyoto Machida, mtu wa karate, alifika mpaka ubingwa wa UFC, yale mashindano makubwa ya mapambano ya mchanganyiko, mwaka 2009 kwa silaha hiyohiyo. Usiitupe karate yako kwa sababu ya usiku mmoja.

Na ukipigwa na kitu usichokijua? Toka pale uliposimama, pembeni, si nyuma. Hiyo ni amri, usiijadili. Halafu ujue kwamba kitarudi, upande uleule, mara nyingi ndani ya sekunde chache, kwa sababu mpiganaji akipata anarudia. Mara ya kwanza ni yake, mara ya pili inapaswa kuwa yako. Ugeni nao unachuja. Oktoba 2023 Francis Ngannou wa Kameruni, ambaye alikuwa hajawahi kupigana pambano la ngumi la kulipwa, alimwangusha bingwa wa ngumi Tyson Fury katika raundi ya tatu. Fury akainuka, akashinda kwa pointi kwa shida, jaji mmoja akampa Ngannou. Miezi minne na kidogo baadaye bondia Anthony Joshua, aliyekuwa na pambano zima la kutazama, alimmaliza Ngannou katika raundi ya pili. Ukiweza kuvuka dakika za mwanzo bila kuumia, mpinzani anazidi kuwa mtu wa kawaida.

Kujifunza mitindo yote, hapana. Maisha hayatoshi, na utapata vipande visivyoshikana. Lakini usikubali kuwe na hali yoyote ambayo mwili wako haujawahi kuwamo. Novemba 1993, Denver, katika UFC ya kwanza kabisa, bondia Art Jimmerson aliingia na glavu moja mkononi. Royce Gracie, mtu wa jiu-jitsu, alimwangusha, akamkalia juu, na Jimmerson akasalimu amri bila kabali wala kiungo kuvutwa. Alishindwa na hali ya kukaliwa, tu. Kama angekuwa amekaliwa mara hamsini mazoezini, angejua kwamba pale bado kuna pumzi.

Kwa hiyo wiki hizi sita, kopa miili. Tafuta mtu wa ngumi, mtu wa judo, mtu wa mieleka, na mashoto mmoja hata kama ni mchanga. Usipigane nao pambano kamili. Gawa kazi: dakika tatu wewe unapiga polepole, yeye anatafuta kushika tu. Dakika tatu nyingine yeye anapiga miguu tu, wewe unazuia tu. Halafu badilishaneni, kwa sababu ukijaribu wewe mwenyewe kumwingia mtu miguuni utahisi ni wapi panapokushinda, na hapo ndipo utakapojua mlango wake. Vichwa msipigane kwa nguvu, hata mara moja. Ubongo haupati sugu kama ugoko.

Kuna vitu vichache navitaka viingie kwenye damu. Teke la chini likija, inua mguu na ugeuze goti nje kidogo, likutane na ugoko wako sehemu ya juu, karibu na goti, penye mfupa mgumu. Mtu akikuingia miguuni, usimsukume kichwa kwa mikono. Rusha miguu yako nyuma na udondoshe nyonga juu ya mabega yake, abebe uzito wako wote. Akishika shingo, kidevu peke yake hakikuokoi. Mikono yako miwili ishike mkono wake mmoja, uuvute chini kifuani, kwa sababu kabali iliyofunga mishipa ya damu vizuri inakulaza katika sekunde kumi hivi, kabla hata hujaona pumzi imekosa. Na hili nakuomba kama kaka: mtu akikamata kisigino chako na kuanza kukizungusha, gonga mara moja, mazoezini na ulingoni. Kiwiko kinakuonya kwa maumivu. Goti likisokotwa halionyi, maumivu yanakuja baada ya kano kukatika. Nimewaona vijana wawili wakipoteza magoti kwa kungoja yaume.

Video za simu utazame, ila tazama miguu, bila sauti, na usitazame zaidi ya mpinzani mmoja kwa usiku. Ngozi ndiyo inayojifunza kushikwa, na ngozi haijifunzi kwa kioo.

Jumamosi njoo dojo saa tatu asubuhi, baridi hii ya Juni isikuzuie. Lete kinga ya meno na kimono ya zamani, usiyoionea huruma. Mbeba makala wangu sasa ana mvi, magunia ameyaacha, lakini Jumamosi hakosi. Nitamwambia akushike mkono wa kulia, karibu na kiwiko. Atakupa mkono kwanza, kama alivyonipa mimi.